Saa za Kiswahili si ukanda wa saa

Juzi, kwenye kikao cha matanga hapa Port Victoria, magharibi mwa Kenya kando ya Ziwa Victoria, mwenye ratiba alitangaza kuwa tungezungumza na ndugu walio ng'ambo saa mbili usiku, "kwa ukanda wa saa wa Kiswahili, maana sisi tuko saa sita nyuma ya Mzungu." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikanyamaza, matanga si mahali pa kubishana, lakini mwaka huu ni mara ya nne kusikia maneno hayo.

Ukanda wa saa ni eneo ambalo watu wake wamekubaliana saa zao zisome sawa. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24, kwa hiyo kila digrii 15 ni saa nzima. Mkutano wa Washington wa 1884 uliichagua Greenwich, kule London, iwe sifuri, nasi tuko saa tatu mbele. Basi.

Kinachotuchanganya ni neno saa lenyewe. Lilitoka kwenye Kiarabu, nasi tukalitwika mizigo mitatu: kipindi cha dakika sitini, chombo kinachovaliwa mkononi, na ile namba unayotaja ukiulizwa "saa ngapi?" Mtu akisema "saa za Afrika Mashariki" anazungumzia ukanda. Akisema "saa za Kiswahili" anazungumzia namba tu, yaani tunaanzia wapi kuhesabu. Mswahili huanza na jua: likichomoza anahesabu, likizama anaanza upya. Waganda hapo ng'ambo ya mpaka huhesabu vivyo hivyo, na Waethiopia pia. Saa ya ukutani ikionyesha 8, jioni ikishapita, wewe unasema saa mbili usiku, na mshale haujasogea hata kidogo. Ni majina mawili ya wakati mmoja. Anayevuka ukanda kwelikweli ni dereva wa trela anayepita mpaka wa Malaba, akaikata Uganda hadi Rwanda: huko hurudisha saa yake nyuma kwa saa nzima, awe anahesabu Kiswahili au Kizungu.

Kinyume chake pia hutokea, watu wawili wakawa ukanda mmoja na jua lao likatofautiana. Mpwa wangu anafundisha Kiunga, kule Lamu, karibu na mpaka wa Somalia. Hunipigia simu jioni akilalamika kwamba giza limeshaingia, na mimi bado naliona jua juu ya ziwa, wavuvi wa omena hawajawasha taa. Hatudanganyani. Kati ya Kiunga na hapa kuna digrii kama saba na nusu, na kila digrii ni dakika nne, kwa hiyo jua lake hututangulia kwa karibu nusu saa. Ukanda wetu umepimwa kwa mstari wa digrii 45, ambao hata haupiti Kenya. Unapita Somalia, karibu na Mogadishu. Ndiyo maana huku kwetu jua la utosi hufika, kwa wastani, saa sita na dakika arobaini na kitu, na Februari watoto wanaowahi shule hutoka nyumbani na tochi. Ile saa moja asubuhi, ambayo kwa hesabu yake ingekuwa jua limeshamaliza saa nzima angani, hapa hutukuta jua ndio kwanza limetoka. Kiunga wako karibu zaidi na maana yake ya asili. Nadhani ni haki, hesabu hiyo ni ya pwani.

Kikao kilipoisha nilimvuta pembeni yule mwenye ratiba. Nikamwambia, mzee, ukiwaandikia walio ng'ambo weka "saa mbili usiku, saa za Afrika Mashariki," na wale wasiozoea hesabu yetu waongezee 20:00. Hiyo sita iache, hakuna wa kumtolea. Akaniuliza kama basi tumewahi kuwa nyuma ya Mzungu. Nikamwambia wa London tuko mbele yake, saa tatu, na yeye akigeuza saa zake wakati wa kiangazi zinabaki mbili.

Akaifuta ile sita kwa kidole gumba.