Mtama mwekundu si lazima uwe mchungu

Nikitaja mtama mwekundu hapa Mombasa, jibu huwa lile lile: huo mchungu, huo wa pombe. Hata watu wa mbegu utawasikia wakisema hivyo. Mimi kazi yangu ni kuzalisha mbegu za mtama, na maneno haya yananiuma, kwa sababu mbegu inatupwa kwa rangi yake kabla hatujajua imebeba nini.

Chukua punje uikate katikati kwa wembe. Juu kuna ganda, nalo ndilo lenye rangi unayoiona. Chini ya ganda, kwa baadhi ya aina, kuna utando mwembamba wa kahawia, na humo ndimo inamokaa tanini inayoleta ukakasi mdomoni. Ganda linatawaliwa na jeni zake, utando na zake. Ndiyo maana kuna mtama mwekundu usio na tanini, na kuna wenye rangi hafifu tu ambao hata hivyo unakaza ulimi. Maabara tunahakikisha kwa kuloweka punje kwenye klorini iliyochanganywa na kostiki soda (vaa glavu, inaunguza). Zenye utando zinageuka nyeusi tii, zisizo nao zinapauka.

Na hiyo tanini si adui. Aliyewahi kuamia ndege anajua kazi yake: kushinda juu ya dungu tangu alfajiri, ukipiga kelele na kurusha mawe wiki nzima. Ndege wakiwa na chakula kingine, suke lenye tanini huliacha. Ukungu nao huchelewa kulishika. Kwa pwani hilo la pili ndilo kubwa zaidi, ingawa tukizungumzia mtama tunazungumzia ukame tu. Mtama wa muda mfupi ukipandwa masika unaweza kukomaa mvua bado inanyesha, na kwa unyevu wa huku punje huota ukungu zikiwa bado shambani.

Hapo ndipo umbo la suke linapoingia. Mwaka 1972 wanasayansi Harlan na de Wet waliugawa mtama wa kulimwa katika makundi makuu matano: bicolor, guinea, caudatum, kafir na durra. Suke la durra limefumbata. Maji yakiingia yanakaa. La guinea limeachana, upepo unapita, na punje zake mara nyingi ni ngumu kama kioo, kwa hiyo ukungu hupata taabu kuzipenya. Gadam, mtama mfupi mweupe unaokomaa mapema, umewafaa sana wakulima wa Kitui na Makueni, kule kukavu. Siusemi vibaya. Ila kuuchukua vivyo hivyo na kuuleta kwenye mvua za Kwale, huku mitama mirefu ya wazee ikiachwa ipotee, naona ni kosa.

Sisi wazalishaji hatuumbi sifa, tunaziunganisha. Sifa isipokuwepo kwenye ghala la mtu fulani mahali fulani, hatuna pa kuitoa. Uwezo wa mtama kubaki kijani wakati wa ukame, punje zikiendelea kujaa ilhali mimea mingine imekauka, ulipatikana katika mtama wa asili wa Ethiopia. Ukapelekwa Texas, na leo wazalishaji wa Australia wanautegemea. Au tazama kiduha, gugu linalonyonya mizizi, ambalo pwani pia lipo. Mbegu yake hulala ardhini miaka mingi hadi inuse kemikali inayotolewa na mzizi wa mtama. Kuna mitama inayotoa kemikali ya aina nyingine kidogo, na kiduha hakiamki. Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009 kwa kuzalisha mitama inayostahimili ukame na kiduha, na baadhi ya mbegu alizotumia zilitoka Afrika.

Sifa nyingine wala hazihitaji maabara. Tazama mshipa wa katikati ya jani. Ukiwa mweupe pe, bua ni kavu ndani. Ukiwa na ukijani uliofifia, bua lina maji, na huenda ndilo kota, lile la kutafunwa na watoto. Mama mmoja muuza nafaka katika soko la Kongowea alinieleza hayo bila kusita, kisha akaniuliza, "Kwani nyinyi mwanangu mlikuwa hamjui?" Tulijua, lakini kwenye fomu zetu bua tamu lilikuwa mstari mmoja wa mwisho. Kwake yeye ndiyo sababu ya kuupanda.

Benki ya mbegu ya taifa iko Muguga, na ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kame iliyoko India, wanatunza sampuli zaidi ya 35,000 za mtama. Nyingi zina jina na mahali zilipotoka, basi. Matumizi hayakuandikwa.

Kwa hiyo, ukiwa na jamaa Ganze, Kaloleni au Kinango anayepanda mtama wa zamani, naomba hivi: usichanganye masuke. Kila aina iwe peke yake, na uandike jina analoliita yeye, inakomaa mvua ipi, inapikwaje, na ndege wanaifanyaje. Anika masuke kivulini kwanza. Tumia bahasha ya karatasi, na usiiache kabatini hapa mjini, maana joto na unyevu wa Mombasa huua uotaji wa mbegu upesi. Ipelekwe kituo cha utafiti wa kilimo pale Mtwapa ikiwa bado mpya ya msimu huo.