Migodi ya Zamani ya Risasi: Mteremko Ulifanya Kazi Kuliko Pampu

Dar masika ikijaza maji vyumba vya chini ya maghorofa ya Kariakoo, kinachotafutwa kwanza ni pampu. Labda ndiyo maana wengi huamini migodi ya madini ya risasi ya Derbyshire, Uingereza, ilikaushwa na mashine za mvuke.

Mashine zilikuwepo, ila zilikula makaa ya mawe, na zikizimwa maji yanapanda tena. Kazi kubwa ilifanywa na mteremko. Wachimbaji walishuka bondeni, chini kuliko mgodi, wakatoboa handaki linalopanda kidogo kidogo hadi kwenye mwamba wenye madini. Maji yakatoka yenyewe usiku na mchana. Ilitaka subira: handaki la Hillcarr lilianza 1766, likakamilika 1787. Na lazima pawepo bonde la chini zaidi. Pale bonde la Jangwani, Dar, karibu na usawa wa bahari, mbinu hiyo isingefua dafu.

Dhana nyingine: risasi ni habari ya Ulaya tu. Sivyo. Hapa Tanzania, reli ya Kaliua hadi Mpanda ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi.

Wengine hudhani maji ya mgodini yalikuwa uchafu wa kumwaga. Hapa ndipo kisa kinaponinogea. Mwaka 1771 Richard Arkwright alianzisha kiwanda cha kusokota pamba Cromford, hukohuko Derbyshire, na sehemu ya maji yaliyokiendesha ilitoka kwenye handaki la migodi. Mwaka uliofuata likaanza kuchimbwa handaki la Meerbrook, la chini zaidi. Miongo ikapita, nalo likayavuta maji ya lile la juu. Wenye kiwanda wakashtaki. Mwaka 1839 mahakama ikawapa ushindi wachimbaji, kwa kuwa mkondo ule ulitengenezwa na watu kwa faida ya migodi, haukuwa mto. Naiona ni hukumu ya haki, japo iliwaumiza waliokwisha kuyategemea maji yale.

Tena husemwa mgodi ukifungwa, handaki nalo limemaliza kazi. Hatari kubwa imo humo. Meerbrook bado linatiririsha maji, na yamewahi kuingizwa kwenye mabomba ya wananchi. Handaki la mgodi wa Magpie, lililokamilika 1881, lilibomoka ndani baada ya uchimbaji kukoma. Maji yakajikusanya nyuma ya kifusi, na mwaka 1966 yakapasua kilima. Watu wanaotunza historia ya migodi ndio waliolizibua na kulijengea mdomo upya.