Umemaliza kitabu cha programu? Haya, andika kitu nione

Kila mara napata meseji ya aina moja: "Mwalimu, nimemaliza kitabu cha Python, nimeelewa chote, sasa nitumie PDF ya kingine." Python ni lugha ya kuandikia programu, kwa hivyo mimi huuliza swali moja tu, umeandika nini? Kimya. Halafu jioni ndio jibu linaingia, "bado, nilikuwa namaliza kwanza." Ati namaliza kwanza! Hii imani kwamba unasoma kitabu mpaka mwisho ndio uanze kuandika programu sijui ilitoka wapi lakini imejaa Nairobi nzima, na leo imenifikisha kooni, kwa hivyo mnivumilie.

Kitabu cha wanaoanza si riwaya, hakuna mahali utafika ujue nani alimuoa nani. Tena ubaya ni kwamba vingi vimeandikwa vizuri. Mwandishi anakupa mfano unaofanya kazi, anakueleza mstari kwa mstari, na wewe unatikisa kichwa, eeh, naona, eeh, sawa. Unachoona hapo ni akili yake ikifanya kazi, yako bado imekaa tu. Jaribu hii bila kufungua kitabu: range(1, 10) inatoa namba ngapi? Nimeuliza watu waliomaliza kitabu kizima na wengi wananijibu kumi, tena kwa ujasiri. Ni tisa. Inaanza na 1 inakomea 9, na hiyo sura ya lupu, yaani kurudia amri mara kadhaa, waliisoma na kichwa wakatikisa.

Sasa ngoja niwaonyeshe ninachomaanisha. Karibu kila kitabu kina ule mfano wa programu inayokuuliza jina halafu inakusalimia. Kuna kijana nilimwambia aubadilishe uwe wa matatu: uliza nauli, zidisha kwa abiria 14, toa jumla. Kazi ya mistari miwili hiyo. Akaandika nauli = input("Nauli ngapi? "), chini yake print(nauli * 14), akaendesha, akaweka 50 akingoja 700. Ikatoka hivi:

5050505050505050505050505050

Akaniangalia akaniambia laptopu imeingia virusi. Laptopu iko sawa bana. input() huleta stringi, yaani maandishi, hata ukiandika namba, na stringi ukiizidisha kwa 14 Python haikatai, inairudia mara 14. Ungeweka int() hapo, ile inayogeuza maandishi kuwa namba, ungepata 700 yako ukaenda zako. Kitabu chake kilikuwa kimesema hivyo, tena waziwazi, kwa mstari mmoja ambao alikuwa ameupita kama mtu anayepita kioski. Haukumgusa kwa sababu siku anausoma hakuwa na nauli ya kuhesabu.

Na hapa ndipo huwa nataka watu wakae kidogo. Hakuna ujumbe wa kosa uliotokea pale. Angejumlisha badala ya kuzidisha, yaani nauli + 14, angepata TypeError, kosa la kuchanganya maandishi na namba, na Python ingemwonyesha mpaka mstari wenyewe. Lakini kwa kuzidisha ilinyamaza ikampa jibu la ajabu, na jibu la ajabu angalau unaliona kwa macho, mbaya zaidi ni lile jibu la uongo linalofanana na ukweli. Wanaoanza wanaogopa maandishi mekundu ya kosa kama polisi wa trafiki, kumbe hayo mekundu ndiyo rafiki yako kazini. Vitabu vingi vinakuonyesha mifano ambayo imeshatengenezwa, imeshanyooka, kwa hivyo unamaliza kurasa mia tatu bila kuona hata kosa moja, halafu siku ya kwanza ukiona lako unadhani wewe ni mjinga. Soma mstari wa mwisho wa ule ujumbe kwanza, ndio huwa na habari.

Wengine wanasoma PDF kwa simu wakiwa kwa jam ya Mombasa Road, na sina ubaya nao, si kila mtu ana laptopu na pale saiba wanahesabu dakika. Lakini hata simu ya Android inaendesha Python, weka app ya Pydroid 3, kibodi itakusumbua lakini afadhali mistari mitano ya kusumbuana kuliko sura tatu za kutikisa kichwa.

Na kopi na pesti kutoka kwa PDF, tafadhali. Kuna PDF ambazo alama zake za nukuu zimepindwa kwa ajili ya kupendeza machoni, ukipesti Python inakwambia invalid character na namba U+201C, na nafasi za mwanzo wa mistari zinapotea pia, unapata IndentationError, halafu unaniandikia ati kitabu kina makosa. Andika kwa vidole vyako.

Vitabu vya zamani, haraka tu. Ukinunua kile cha mitumba pale kando ya barabara tao, fungua mfano wa kwanza. Ukiona print bila mabano, hiyo ni Python 2, iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020 na Python 3 yenyewe ilikuwa imetoka tangu 2008. Kirudishe. Si kwamba hakina maana kabisa, lupu ni lupu, lakini mle 5/2 ni 2 na kwa laptopu yako ni 2.5, na mtu anayeanza hawezi kujua ni nani kakosea. Eti uanze na Python ama JavaScript? Chagua yoyote, tusonge.

Kuna mambo pia siamini sana ingawa vitabu vinayasema kwa sauti ya mchungaji. Rikesheni, ile ya kipande cha programu kujiita chenyewe, kwa mfano, kwa nini inawekwa mapema vile? Kazini naitumia kwa nadra sana, na nimeona watu wakikwama pale wakaacha kabisa, mimi nawaambia waruke, watairudia. Na hili la kuandika kila mfano kwa mkono nalisisitiza kila siku, lakini kuna wanafunzi wanaochapa kitabu kizima kama makarani na bado hawawezi kubadilisha kitu, kwa hivyo kuchapa peke yake si dawa. Halafu kuna hizi AI, unaiambia niandikie programu ya nauli na inakupa sekunde hiyo hiyo na int() yake ndani. Huwa najiuliza kama bado nina haki ya kumwambia mtu ateseke na stringi. Kwa sasa nasema ndio, kwa sababu asiyejua 5050 ilitoka wapi hatajua pia AI ikimdanganya, lakini uniulize tena baadaye.

Kwa hivyo ukitaka kazi ya wikendi, hii hapa. Chukua meseji zako za M-Pesa za mwezi huu, zibandike kwa faili moja la maandishi, kisha andika programu isome kila mstari, ichomoe kiasi kilichotumwa, ijumlishe. Utakwama kwa koma. Meseji inasema Ksh1,250.00, na ukiirusha hiyo 1,250.00 kwa float(), inayogeuza maandishi kuwa namba yenye desimali, utapata ValueError, maana hiyo koma haiijui. Lazima uitoe kwanza. Vile inatolewa iko kwa sura ya stringi, ile uliyoisoma ukasema umeielewa, rudi ukaitafute.