Ubunifu wodini uanzie kwa anayeshika kanula

Hospitali nyingi zikitaka wafanyakazi wawe wabunifu huitisha semina, kisha hutundika sanduku la maoni ukutani. Sanduku likikaa tupu, uongozi husema watu ni wakaidi. Mimi ukaidi siuoni sana. Muuguzi aliyeelemewa na wodi nzima hupima kila jambo jipya kwa swali moja: litanipunguzia kazi au litaniongezea? Ukimletea fomu nyingine ya kujaza, ameshapata jibu lake.

Kwa hiyo anza na kero. Wakati wa kukabidhiana zamu, tenga dakika tano uulize: "Leo ni kitu gani kimekuzungusha bure?" Ukiuliza "mna mawazo gani ya kuboresha huduma?" utaambulia kimya, maana swali hilo ni pana mno, na likitoka kwa mkubwa wa kazi linageuka mtihani. Kero ziandikwe ubaoni, kila moja na jina la anayeifuatilia na tarehe ya majibu, isizidi wiki moja. Jibu laweza kuwa "hapana", mradi sababu itajwe. Mtu akitoa wazo lisijibiwe, yeye hatarudia, na wenzake walioshuhudia hawatathubutu.

Tuseme kero iliyojitokeza ni kuweka kanula, kile kirija chembamba kinachoingizwa kwenye mshipa wa damu ili kupitishia dawa au maji. Glovu ziko kabati hili, plasta droo ile, na kisanduku cha kutupia sindano kipo mwisho wa wodi. Muuguzi anamwacha mgonjwa kitandani, anakwenda na kurudi. Wazo linalokuja ni trei moja yenye kila kitu: kanula za saizi zinazotumika hapo, mpira wa kufunga mkono, pamba za spiriti, glovu, plasta, sirinji na maji ya chumvi ya kusafishia njia, pamoja na kisanduku cha sindano kinachotembea nayo.

Usiitangaze hospitali nzima. Mpe muuguzi mmoja, mgonjwa mmoja, zamu moja. Hesabu kitu kimoja tu: ameondoka kitandani mara ngapi kabla ya kumaliza. Kesho yake rekebisha trei, wape wauguzi watatu. Kisha ipeleke zamu ya usiku, na hapa nasisitiza, kwa sababu usiku stoo imefungwa na watu ni wachache. Kitu kinachofanya kazi mchana tu bado hakijakamilika.

Trei za namna hii hazifi kwa sababu ni mbaya. Zinakufa siku ya tatu au ya nne, pale mtu anapoifungua na kukuta hakuna plasta. Akikosa mara mbili anarudi kabatini moja kwa moja. Ndiyo maana kazi ya kuijaza lazima iwe ya mtu wa zamu fulani, siyo "ya wote". Bandika orodha ndani ya trei yenye idadi ya kila kitu, na siku moja ya wiki ya kukagua tarehe za kuisha muda. Wekeni idadi ndogo, mfano tano tano. Trei iliyofurika huficha kilichoisha.

Hesabu zenu zichoreni kwenye chati ya mstari, mkiweka mstari wa kati unaogawa namba nusu juu, nusu chini. Nukta sita mfululizo zikiangukia upande mmoja wa mstari huo, kuna uwezekano mkubwa kwamba badiliko ni la kweli. Siku moja nzuri isiwadanganye.

Amri kutoka juu pekee haitoshi, na orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yaani mambo ambayo timu huhakikisha pamoja kabla na baada ya kupasua, inatufundisha hilo. Matokeo ya majaribio yaliyochapishwa 2009 katika hospitali 8 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mwaka 2014 utafiti wa hospitali 101 za Ontario, Kanada, ambako orodha za aina hiyo zilikuwa zimeagizwa kutumika, haukuona upungufu wa maana wa vifo. Wataalamu wanabishana kuhusu sababu. Msimamo wangu ni kwamba kuweka alama ya vema ni jambo moja, na timu kusimama, kutajiana majina na kusoma kwa sauti ni jambo jingine. Waacheni wenye chumba cha upasuaji wapange maneno ya orodha yao na waifanyie mazoezi, na daktari bingwa mwenyewe aseme mbele ya wote kwamba muuguzi mdogo kuliko wote ana haki ya kusimamisha kazi.

Msiwasahau wahudumu wa usafi, makarani na watu wa stoo; wao huona vilivyopotea na vinavyotupwa bure.

Mwisho, muda. Kazi ya kuboresha ikifanywa baada ya zamu, itabaki kwa wale wawili watatu wenye moyo, na wao watachoka. Iingizwe kwenye ratiba, hata saa moja kwa wiki, na mtu wa kushika wagonjwa saa hiyo atajwe kwa jina. Tena kila mnapoongeza fomu au rejesta mpya, tafuteni ya zamani inayouliza yale yale, muiondoe siku hiyo hiyo.