Ukuta wa shule haumzuii dereva

Kila uwanja mpya wa michezo ukiletwa shuleni, swali la kwanza ninaloulizwa ni ukuta. Wazazi, kamati ya shule, mwenyekiti wa mtaa, wote ukuta tu, "tukishazungusha fensi watoto wetu watakuwa salama". Jamani. Ukuta unazuia mbuzi na wezi wa mabati. Gari halimfuati mtoto kwenye bembea, linamkuta nje ya geti.

Na uwanja mpya unaongeza hatari hapo hapo getini, hili ndo watu hawalifikirii kabisa. Zamani mtoto alivuka asubuhi akarudi mchana, basi. Bembea zikifika anarudi tena jioni, anakuja Jumamosi, anakuja na mdogo wake wa miaka minne ambaye shule hajaanza, na siku hiyo hakuna mwalimu wa zamu wala mtu wa kusimamisha magari.

Simama getini darasa la kwanza na la pili wakitoka. Bajaji zimejipanga, muuza ubuyu kaweka meza yake, katoto ka sentimita 115 hivi kanachomoza katikati ya bajaji mbili, dereva hakaoni mpaka kako mbele ya bampa. Gari likiwa spidi 50 kwa saa, ambayo ndo kikomo cha kisheria kwenye makazi hapa Tanzania, linakula karibu mita 14 kila sekunde, na hapo dereva hata breki hajagusa. Kwa 30 ni mita 8 na kidogo.

Kwa hiyo hela ya tofali wekeni kwenye matuta kabla ya zebra, pande zote mbili. Zebra peke yake sitaki hata kuisikia, maana rangi haimpunguzii mtu spidi, halafu mtoto tumeshamwambia hapo ni salama kwa hiyo anaingia anajiamini kabisa. Na kama nyuma ya shule kuna kamtaa katulivu, hamisheni geti. Amend, shirika la usalama barabarani, wamefanya hivi kwenye shule za msingi Dar kupitia SARSAI, mradi wao wa kurekebisha barabara za jirani na shule, mageti wamehamisha, na mwaka 2019 wakapata tuzo ya miji ya WRI Ross, inayotolewa na taasisi ya kimataifa ya utafiti ya World Resources Institute. Barabara za mitaa barua ya kuomba matuta inaenda TARURA, barabara kuu na za mkoa TANROADS, hao ndo wakala wa serikali wa barabara, msipoteze miezi kupeleka kusikohusika.

Kinachoninyima raha ni bodaboda. Anakwepa tuta kwa kupita pembeni, kwenye njia ile ile ya miguu tuliyowajengea watoto, tunaweka nguzo za zege na wengine wanapenya tu. Na wikiendi je, uwanja ufungwe? Ukifunga watoto wanacheza mpira barabarani, ukiacha wazi wanaivuka hiyo barabara kuufuata. Mimi naegemea uachwe wazi ila matuta yawe yameshajengwa, na kwa shule ambayo barabara yake haijaguswa, mzazi akiniuliza kwa kweli sina jibu zuri la kumpa.