Neva ya ngisi na potasiamu ya mgonjwa wa figo: maswali na majibu

Ngisi anaingiaje kwenye habari za afya?
Ngisi ana neva nene ajabu, karibu nusu milimita na wakati mwingine zaidi, inayomwezesha kufyatua maji na kuchomoka adui akitokea. Kwa unene huo unaweza kupenyeza waya mwembamba ndani yake ukapima umeme. Alan Hodgkin na Andrew Huxley walifanya hivyo Plymouth, Uingereza, mwaka 1939, na neva zetu zinafuata kanuni ileile.

Umeme wenyewe unatoka wapi?
Kwenye ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Ndani ya neva ya ngisi kuna potasiamu takriban milimoli 400 kwa lita, nje 20. Sodiamu ni kinyume: ndani 50, nje 440. Neva ikitulia, potasiamu huvuja nje, na ndani hubaki hasi, milivolti −60 hadi −70. Ikisisimuliwa, milango ya sodiamu (vitundu kwenye utando wa neva) hufunguka, sodiamu humiminika ndani na chaji hugeuka chanya. Milango hiyo hujifunga, potasiamu hutoka, hali hurudi. Hayo yote ni milisekunde chache tu.

Sumu ya samaki aitwaye bunju huziba milango hiyohiyo ya sodiamu. Ndiyo sababu aliyemla huanza kufa ganzi midomoni, kisha misuli ya kupumua hulegea. Kumpika hakuondoi sumu.

Potasiamu ikizidi nje ya seli?
Ile tofauti ya ndani na nje hupungua, neva na misuli hukosa utulivu, na milango ya sodiamu hujifunga isifunguke tena. Kwa binadamu kiwango cha kawaida cha potasiamu katika damu ni milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita, ikipita 6.5 moyo unaweza kusimama. Figo ndizo hutoa potasiamu ya ziada, hivyo mwenye figo dhaifu aulize daktari kabla ya kunywa madafu, yenye potasiamu nyingi, au kutumia chumvi ya "sodiamu kidogo", ambayo mara nyingi ni kloridi ya potasiamu.

Mbona hospitalini mwenye potasiamu nyingi anachomwa kalsiamu?
Kalsiamu haishushi potasiamu hata kidogo. Inafanya milango ya sodiamu isifunguke ovyo, hivyo moyo hulindwa kwa dakika 30 hadi 60. Muda huo ni wa kumpa insulini pamoja na glukosi, ili potasiamu irudi ndani ya seli, na kupanga kusafisha damu ikibidi.

Majibu ya potasiamu yametoka juu lakini mgonjwa hana dalili?
Kukosa dalili si uthibitisho wa usalama: apimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) mara moja. Damu nayo irudiwe, bila kukunja ngumi mara kwa mara wala kukaza sana mpira unaofungwa mkononi, kwani hayo hupandisha potasiamu kwenye sampuli; seli za damu zikipasuka kwenye chupa nazo humwaga potasiamu yake.