"News" haina kaskazini wala kusini

Juzi nilialikwa kwenye semina ya waandishi wa habari wachanga, nizungumze nusu saa kuhusu matumizi ya kamusi. Aliyenitangulia akachora msalaba kwenye bango: juu N, kulia E, kushoto W, chini S. "North, East, West, South! Habari hutoka pande zote za dunia, ndiyo maana ikaitwa news." Ukumbi ukapiga makofi. Mimi kule nyuma nikamaliza chupa ya maji kwa mkupuo mmoja.

Kazi yangu ni kuhariri kamusi za Kiingereza na Kiswahili, na hadithi hii nimeisikia darasani, kanisani, na kwenye WhatsApp ikiwa imepambwa maua. Leo naandika mara moja tu. Atakayeniletea tena nitamtumia kiungo.

"News" ni "mapya". Basi. "New" ni -pya, na ile S ni ya wingi. Ukikutana na jirani ukamwuliza "kuna jipya?", au ukamwambia "haya, lete mapya", umefanya kile kile walichofanya Waingereza tangu karne ya 14 na ya 15: umekigeuza kivumishi kuwa nomino, na mwenzako akajua unataka habari. Hakuna aliyeshika dira. Wafaransa nao husema "nouvelles", yaani kivumishi chao cha upya kikiwa katika wingi. Neno hilo lina herufi tisa. Niambieni basi dira ya Ufaransa ina pande ngapi.

Halafu kuna tahajia. Magazeti ya mwanzo ya London, miaka ya 1620, yalichapa "newes". Ile E ya pili ni ya nini, mashariki mbili? Hata upatanisho wa kisarufi ulikuwa haujatulia: Shakespeare ana "these news" hapa na "this news" pale. Mwanafunzi anayekatwa maksi leo kwa kuandika "news are" amechelewa tu kuzaliwa.

Ninaloshindwa kulimeza ni imani iliyolala chini ya hadithi hii, kwamba kila neno fupi la Kiingereza ni akronimu iliyofichwa. Kuunganisha herufi za mwanzo na kuzitamka kama neno ni mtindo uliokuja kushika kasi karne ya 20. "Radar" ni ya enzi za Vita vya Pili vya Dunia, "laser" ni ya mwisho wa miaka ya 1950, na neno lenyewe "acronym" ni la miaka ya 1940. Kuniambia neno la enzi za kati ni akronimu ni kama kuniambia babu wa babu yako alikuja mjini kwa bodaboda.

Mengine nayapitia haraka. "Golf" eti ni "Gentlemen Only, Ladies Forbidden", kilabu cha wanaume, wanawake marufuku: bunge la Uskoti liliupiga marufuku mchezo huo mwaka 1457 kwa jina hilo hilo, kwa sababu watu waliacha mazoezi ya upinde. "Tip" ya mhudumu, eti "To Insure Promptness", ilianzia katika lugha ya wezi wa Uingereza, ikimaanisha kupitishia mtu kitu. "Posh", yaani ya kifahari, eti ni "Port Out, Starboard Home" iliyoandikwa kwenye tiketi za meli za India: tiketi hiyo haijawahi kuonekana. Na "family", ile ya "Father And Mother I Love You" wanayoipenda ma-MC wa harusi, inatoka kwa "familia" ya Kilatini, nyumba nzima pamoja na watumwa wake. Shina lake ni "famulus", mtumishi. Itoleeni hotuba hiyo mbele ya bibi harusi.

Sasa niseme jambo ambalo jukwaani huwa naliruka makusudi. "OK" ni herufi za mwanzo kweli. Ilichapwa katika gazeti moja la Boston tarehe 23 Machi 1839, kifupisho cha "oll korrect", utani wa kukosea tahajia kwa kusudi. Mwaka uliofuata wafuasi wa Rais Martin Van Buren wa Marekani, mzaliwa wa Kinderhook, wakaikuta inalingana na "Old Kinderhook", wakaipigia kampeni. Yeye akashindwa uchaguzi, neno likabaki. Kwa hiyo kanuni yangu ya karne ya 20 ina tundu, na tundu lenyewe ni neno linalotamkwa duniani kote.

Tena, kamusi husema Waingereza waliiga Kifaransa kupata "news". Nami huandika hivyo chini ya kidahizo, yaani neno lenyewe kamusini. Lakini ushahidi ni kufanana tu, na sisi tumepata "mapya" yetu bila kumwiga Mfaransa yeyote. Sentensi hiyo nimeihariri mara nyingi na bado hainikai vizuri.

Semina ilipoisha kijana mmoja akanifuata. "Mwalimu, na 'dog' je, imetoka wapi?" Nikamwambia Waingereza wa kale walikuwa na "hund", kisha "docga" likachomoza huko mwishoni, na hakuna anayejua lilikotoka. "Hakuna kabisa?" Hakuna. Akanitazama kama unavyomtazama fundi aliyefungua injini akasema hajui. Kisha akarudi kwenye bango, akatoa daftari, akanakili ule msalaba.